Haki ya Kukatiza Wimbo: Tamasha la Nyuzi Kisumu na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mwaka 1968 una nafasi ya pekee katika historia ya uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kupendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika, hasa fasihi simulizi, katika kitovu cha masomo. Waraka huo umechapishwa na kujadiliwa mara nyingi, na ni mwanafunzi adimu wa fasihi katika vyuo vyetu asiyewahi kuusikia. Mwaka huohuo, katika mji wa Kisumu, Okot p'Bitek alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu. Tukio hili la pili hutajwa kwa sentensi moja katika wasifu wa mshairi huyo, kisha msomaji hupelekwa haraka kwenye vitabu vyake.

Tofauti hiyo ya kumbukumbu inastahili kuchunguzwa. Waraka ni karatasi, na chuo kimezoea kuhifadhi karatasi. Tamasha ni mkusanyiko wa watu, na watu wakishatawanyika mhakiki hubaki na majina na tarehe. Lakini maadam hoja kuu ya waraka wa Nairobi ilikuwa kuirudisha fasihi simulizi mahali pake, basi mahali hapo palipaswa kuulizwa: ni wapi hasa wimbo wa nyuzi uliishi, nani aliuandalia makao, na nani aliulipia?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kufuatilia historia ya mikusanyiko ya muziki wa nyuzi Kisumu na kandokando ya ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Hoja yetu ni kwamba mkusanyiko wa jadi wa nyatiti ulikuwa tamasha kamili, lenye waandaaji wasiolipwa mshahara na lenye utaratibu wake wa fedha, na kwamba utaratibu huo wa fedha ulikuwa pia kanuni ya utunzi. Msikilizaji alilipa, na kwa kulipa alipata haki ya kuukatiza wimbo. Kuanzia zama za ukoloni, jukwaa rasmi liliuchukua wimbo likaiacha haki hiyo nje. Kwa hiyo matini tunayoihakiki leo darasani, aghalabu, ni matini iliyokwisha kunyimwa mtunzi wake mmoja.

Thum na Utaratibu Wake

Bonde la ziwa ni nchi ya nyuzi. Wabukusu wana litungu, Wagusii wana obokano lenye umbo kubwa na sauti nzito, na upande wa magharibi, huko Kagera, Wahaya wana enanga. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986, alionyesha jinsi tendi za Wahaya zinavyoitegemea ala hiyo. Miongoni mwa Wajaluo ala kuu ni nyatiti, kinubi chenye nyuzi nane. Iko pia orutu, zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde. Neno thum lenyewe hutumika kwa muziki na kwa ala, na mpigaji huitwa jathum.

Nyatiti hulazwa ubavu chini, na mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi karibu nayo. Mguuni huvaa njuga ziitwazo gara, na katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga ala na kutoa mapigo. Hivyo mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga mdundo na mwimbaji kwa wakati mmoja. Hapo kale nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi nyuzi za nailoni za wavuvi zimechukua nafasi yake. Kwa hiyo hata mabadiliko ya ala yamepita ufukweni.

Jathum alialikwa kwenye matanga, kwenye harusi na kwenye vikao vya pombe. Katika mazishi ya mtu mzima wimbo wake ulikuwa sehemu ya maombolezo yenyewe, na Owuor-Anyumba alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza kuuandikia makala maalumu utanzu huu wa nyatiti ya kilio, mwaka 1964. Yaani, mmoja wa waandishi watatu wa waraka wa 1968 alikwisha kuitazama sanaa ya mwambao kabla ya kuitetea katika kamati za chuo.

Kiini cha mkusanyiko huo ni pakruok. Msikilizaji akitaka kusema hutoa fedha, naye jathum hunyamazisha au huteremsha nyuzi. Msikilizaji hujisifu: hutaja jina lake, ukoo wake, kijiji chake, rafiki aliyekuja naye, shemeji zake, na hufanya hivyo kwa mafumbo, kwa tamathali na kwa majigambo yanayopimwa na waliohudhuria. Akimaliza, muziki huendelea, na mara nyingi majina yaliyotajwa huingia katika beti zinazofuata. Mwingine naye hutoa fedha, hukatiza, hujibu. Usiku huendelea hivyo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa karibu. Katika taarabu, mwanamke huinuka kitini, huenda hadi mbele akicheza polepole, humtunza mwimbaji kwenye ubeti anaotaka usikike kwa mtu fulani, kisha hurudi mahali pake. Hajasema neno, lakini ubeti umekwisha kuwa wake. Kutunza na pakruok ni ndugu: katika yote mawili fedha ni njia ya kusema. Tofauti ni kwamba mtunzaji wa taarabu huazima maneno ya mwimbaji, ilhali mtu wa pakruok huyanyamazisha maneno ya mwimbaji kwa kitambo ili aweke yake.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji. Kauli hiyo imekuwa ya kawaida mno katika maandishi yetu kiasi cha kupoteza makali yake. Katika thum ushiriki wa hadhira hauishii kwenye makofi au kiitikio. Hadhira ina mamlaka ya kuusimamisha wimbo, na mamlaka hayo yana bei.

Kujitolea na Kujisifu

Ni nani, basi, aliyekuwa mwandalizi wa tamasha hili? Hapakuwa na kamati iliyoajiriwa wala ofisi. Wenye mji walitoa uwanja na chakula, majirani walileta viti na kuni, vijana walitumwa kumwita jathum, na wanawake walisaga nafaka, waliteka maji, walipika na kutengeneza pombe. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba tamasha liliendeshwa na watu wa kujitolea.

Neno kujitolea linastahili kutuliwa kidogo. Kiambishi -ji- kinamrudishia mtenda tendo lake mwenyewe: anayejitolea anatoa, na kile anachokitoa ni yeye. Katika Dholuo, pakruok nayo imejengwa kwa njia kama hiyo: mzizi pak ni kusifu, na kiishio -ruok huelekeza tendo kwa mtenda au kwa watenda wao kwa wao. Tendo la kutoa na tendo la kusifu yana umbo moja la kisarufi katika lugha hizi mbili zisizo za ukoo mmoja. Hatudai kwamba sarufi ndiyo iliyozaa desturi. Hata hivyo, ulinganifu huo unatusaidia kuona jambo ambalo neno tamasha peke yake halituonyeshi: katika mkusanyiko wa thum hapakuwa na mtoaji asiyejulikana. Aliyetoa alijitaja, na kutajwa kulikuwa ndiyo malipo yake.

Lakini hapa mhakiki asikimbilie kushangilia. Nani hasa aliyetajwa? Aliyetoa fedha alitajwa. Aliyetoa maji na kuni mara nyingi hakutajwa. Nyatiti yenyewe kwa desturi ilikuwa ala ya wanaume, na mwanamke aliyeandaa usiku huo kwa mikono yake hakukalia kigoda cha mpigaji. Aidha, mwenye fedha nyingi alikatiza mara nyingi. Pakruok haikuwa usawa. Iliwapa watu haki ya kusema kwa kadiri ya mifuko yao, na baadaye wanasiasa walilielewa hilo vyema kuliko wahakiki. Tunaposema kwamba jukwaa rasmi liliondoa haki ya kukatiza, tukumbuke kwamba haki hiyo ilikuwa na mipaka yake tangu mwanzo. Swali ni kama mipaka hiyo ilipanuliwa au haki yenyewe ndiyo iliyofutwa.

Mwamuzi na Santuri

Reli kutoka Mombasa iliufikia mwambao wa ziwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo baadaye pakajulikana kwa jina la Kisumu. Pamoja na reli zilikuja shule za misheni, gitaa, kinanda cha mkono na santuri. Mwaka 1927 lilianzishwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mwanzoni lilikuwa la walowezi wa Kizungu. Baadaye liliwafungulia mlango Waafrika, na baada ya Uhuru likawa tamasha kubwa la shule na vyuo, ambamo nyimbo za jadi, zikiwamo za nyatiti na orutu, zilipewa madaraja yao ya mashindano.

Hatuna sababu ya kulidharau tamasha hili. Vijana wengi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay waliishika ala ya jadi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mashindano ya shule. Hata hivyo, umbo la mashindano lilibadilisha mambo matatu. Kwanza, wimbo ulipewa dakika, na utendaji uliozoea kutanuka kwa usiku mzima ukalazimika kumalizika kabla ya kengele. Pili, alikuja mwamuzi mwenye karatasi ya alama, akakaa mahali palipokuwa pa mshindani wa pakruok. Wote wawili huupima wimbo, lakini mwamuzi hupima akiwa kimya, na hukumu yake huja baada ya wimbo kwisha. Tatu, hadhira iliketi kwenye safu ikatarajiwa kunyamaza. Msikilizaji ambaye angeinuka na sarafu mkononi kuwasifu wakwe zake angetolewa ukumbini kama mvurugaji.

Santuri nayo ilifanya kazi kama hiyo kwa njia nyingine. Santuri za mizunguko 78 zilibeba takriban dakika tatu kwa upande mmoja. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Kenya katika miaka ya 1950, alituhifadhia sauti ambazo bila yeye zingepotea, na kila mtafiti wa muziki huu ana deni kwake. Lakini rekodi ya dakika tatu haikuwa na nafasi ya mtu kukatiza. Kile kilichohifadhiwa ni sauti ya jathum bila ya watu wake.

Okot p'Bitek Kisumu

Okot p'Bitek alifika Kisumu akiwa amekwisha kulipambanua tatizo hili. Katikati ya miaka ya 1960, akifanya kazi Gulu katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha tamasha la Gulu. Kisha alikwenda Kampala kukiongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, chenye jumba la taifa la michezo ya kuigiza, na akaandaa tamasha lililoambatana na sherehe za Uhuru za Oktoba 1967. Muda mfupi baadaye aliondolewa kazini, akahamia Kenya. Huko alijiunga na idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, na kituo chake kikawa Kisumu.

Uhamisho huo ulikuwa na mantiki ya kifasihi kadiri ulivyokuwa na sababu za kisiasa. Kiacholi na Dholuo ni lugha za kundi moja la Kinailoti cha Magharibi, na Okot alikuwa amezitafiti nyimbo za Waacholi na Walango alipokuwa mwanafunzi Oxford. Kisumu hakuwa mgeni kamili. Tena idara ya masomo ya nje ilikuwa na kazi ya kukipeleka chuo nje ya kuta zake, na mtu aliyeshika kazi hiyo alilazimika kushughulika na walimu wa vijiji, machifu, makanisa na vikundi vya ngoma, kuliko kushughulika na mitihani.

Wimbo wa Lawino, uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1966 na ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata mwaka 1975 katika tafsiri ya Paul Sozigwa, unaweza kusomwa kama utetezi wa tamasha. Lawino hamlaumu Ocol kwa sababu ya mavazi na chakula peke yake. Sehemu nzima inazilinganisha ngoma za Waacholi na dansi ya Kizungu, na hoja yake kubwa inahusu mahali: ngoma yake huchezwa uwanjani, mchana, mbele ya macho ya watu wanaomjua mchezaji na wazazi wake. Mtu hucheza akiwa mtoto wa fulani. Hii ni kanuni ileile ya pakruok, kwamba mtu husimama mbele ya hadhira akiwa na jina. Katika insha zake zilizokusanywa mwaka 1973 chini ya kichwa kinachozungumzia mapinduzi ya kiutamaduni ya Afrika, na baadaye katika kitabu kilichotoka mwaka 1986 baada ya kifo chake, ambamo anamwita msanii mtawala, Okot anashikilia msimamo kwamba utamaduni ni maisha yanayoishiwa, wala hauwezi kutengwa na watu ukawekwa ndani ya jumba.

Tukiuweka waraka wa Nairobi na tamasha la Kisumu bega kwa bega, tunaona kwamba vyote viwili vilijibu swali moja kutoka pande mbili. Waraka uliuliza ni nini kifundishwe. Tamasha liliuliza ni wapi na mbele ya nani. Swali la kwanza lilipata jibu la kudumu: idara ilibadilishwa jina na mtaala, na kufikia mwaka 1982 shule za sekondari zilikuwa na kitabu cha kiada cha fasihi simulizi cha Kichamu Akivaga na Asenath Bole Odaga. Swali la pili halikupata jibu la kudumu, na historia ya mji wenyewe inatueleza sehemu ya sababu.

Mwaka 1969 ulikuwa mgumu Kisumu. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Kenya People's Union cha Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku. Kwa miaka mingi iliyofuata, hadi mageuzi ya sheria ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara nchini ulihitaji leseni. Katika mazingira hayo, kukusanya umati kwa nia njema ya sanaa kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Mfano wa Kamĩrĩĩthũ unajulikana: wanakijiji waliojitolea kujenga ukumbi wao wa wazi waliona leseni ya mchezo ikifutwa mwaka 1977, na ukumbi wenyewe ukabomolewa mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 1982, mwezi Julai, Okot alifariki, muda mfupi baada ya kurudi Makerere.

Gitaa Lililookoa Pakruok

Wakati jukwaa rasmi likiiacha pakruok, gitaa liliichukua. Muziki wa benga, uliokomaa katika miaka ya 1960 na 1970, ulihamishia kwenye gitaa namna ya kudonoa nyuzi inayokumbusha nyatiti, na pamoja na mbinu hiyo ukarithi desturi ya kutaja. Katika santuri za benga mwimbaji huwasalimu wafadhili kwa majina, husifu vijiji vyao, wake zao na magari yao. Msikilizaji asiyeifahamu thum huweza kuyaona majina hayo kuwa matangazo ya biashara yaliyopachikwa. Aliyeifahamu huyaona kama pakruok iliyokwisha kufungwa ndani ya dakika za santuri: aliyelipa ametajwa, ila hawezi tena kujisemea.

D. O. Misiani wa Shirati Jazz ni mfano mzuri. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania wa ziwa, akajenga jina lake Kenya, na mafumbo yake ya kisiasa yalimtia matatani na wenye mamlaka zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Kwake mpaka wa kikoloni uliokata mwambao haukuwa mpaka wa hadhira. Katika baa na kumbi za Kisumu, ambako bendi zilipiga mbele ya watu na hazikuwa zinapigia mashine tu, pakruok iliendelea kwa sauti, fedha zikitolewa mkononi na kipaza sauti kikikabidhiwa msikilizaji. Ajabu ni kwamba haki ya kukatiza ilihifadhiwa mahali ambapo mitaala ya fasihi haikufika.

Makumbusho, Wafadhili na Tamasha la Leo

Serikali haikuupuuza muziki wa jadi. Bomas of Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1971. Washington Omondi, aliyekuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari London mwaka 1980 juu ya thum, aliongoza Tume ya Rais ya Muziki iliyotoa ripoti mwaka 1984, na mwaka 1988 ikaundwa tume ya kudumu. Hizi ni juhudi za kuheshimiwa. Hata hivyo, katika jumba la maonyesho mtazamaji hulipa mlangoni. Akishalipa mlangoni amenunua kiti, na kiti hakimpi haki ya kusema.

Nyatiti imesafiri pia. Ayub Ogada aliipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya mwaka 1993 ikaifanya ijulikane na watu wasiojua neno moja la Dholuo. Alifariki mwaka 2019. Eriko Mukoyama, Mjapani aliyejifunza ala hii Siaya na kuitwa Anyango, alivunja mwiko wa jinsia mbele ya macho ya wengi. Suzanna Owiyo, mjukuu wa mpiga nyatiti, aliimba kuuadhimisha mji wa Kisumu ulipotimiza miaka 100 mwaka 2001. Kwa wanawake hawa wawili tunaona mpaka mmoja wa thum ya kale ukipanuliwa: waliokuwa jikoni sasa wanaweza kukaa kwenye kigoda. Haya ni maendeleo ambayo mkusanyiko wa kale usingeyaruhusu kwa urahisi, na mtetezi wa jadi asiyeyakiri anatetea kumbukumbu yake tu.

Katika miaka ya 2010, kisiwani Rusinga, tamasha la Desemba liliwakusanya watu kuuenzi utamaduni wa Abasuba, jamii ambayo lugha yake imezidiwa na Dholuo. Matamasha ya namna hii hutegemea vijana wa kujitolea, wavuvi wenye mashua, akina mama wenye masufuria na wenyeji wanaofungua nyumba zao. Udhaifu wao hujulikana: fedha. Tena si wao peke yao. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004 na kupata sifa duniani, ililazimika kufuta tamasha lake la mwaka 2016 kwa kukosa ufadhili. Ikiwa tamasha kubwa kiasi hicho huweza kusimama kwa sababu mfadhili wa mbali amenyamaza, kuna haja ya kuuliza tena juu ya mfadhili wa karibu, yule aliyekuja na sarafu zake akitaka kusikika.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tunaweza kutoa mapendekezo machache, mengine kwa mhakiki na mengine kwa mwandalizi.

Mhakiki anayenukuu wimbo wa nyatiti au orutu anapaswa kunukuu pia mikatizo yake: nani alisimama, alitoa nini, alisema nini, na jathum alimjibu kwa ubeti gani. Unukuzi unaozifuta sauti hizo kwa kisingizio cha kusafisha matini huzaa shairi la mtu mmoja mahali ambapo palikuwa na mashairi ya watu wengi. Mwanafunzi anayepewa shairi hilo afafanue fani na maudhui atatafuta umoja wa mawazo, na asipouona ataambiwa kwamba fasihi simulizi ina mapengo. Pengo si la fasihi simulizi. Ni la daftari la mnukuzi.

Mwandalizi wa tamasha la nyuzi, kwa upande wake, hahitaji kuchagua baina ya jukwaa na uwanja. Anaweza kutenga saa zisizo na kengele, kumkalisha jathum chini karibu na watu, na kuruhusu pakruok ilipe sehemu ya gharama. Lakini akiirudisha pakruok kama ilivyokuwa, atamrudisha pia tajiri anayeukalia usiku mzima. Hapa pana kazi ya kubuni desturi mpya juu ya ile ya kale: aliyetoa maji, aliyepika na aliyebeba viti wapewe nao zamu ya kukatiza, kazi yao ikihesabiwa kama sarafu. Kwa kuwa anayejitolea amejitoa mwenyewe, ni haki ajitaje mwenyewe.

Waraka wa 1968 uliibadilisha idara. Tamasha la Kisumu la mwaka huohuo liliacha swali ambalo idara haikulijibu, nalo lingali linamkabili kila mhadhiri anayeingia darasani na karatasi yenye beti za nyatiti: wanafunzi walio mbele yake ni hadhira ya namna gani, na je, wana ruhusa ya kumkatiza?